William Little: Tabibu mlemavu aliyefichua chanzo cha mtindio wa ubongo

WAHENGA walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. William John Little alikilalia tangu utotoni.

Alizaliwa mwaka wa 1810 mtaani Aldgate, London. Angali mdogo alishikwa na polio, maradhi yaliyomwachia mguu wa kushoto uliopinda. Alipopelekwa shule nchini Ufaransa, wenzake walimdhihaki kwa kuchechemea kwake.

Little alisomea udaktari huku akitafuta tiba ya mguu wake. Mabingwa wa Uingereza walimshauri asithubutu kupasuliwa, lakini hakutulia. Mnamo 1836 alikwenda Hannover, Ujerumani, ambako Louis Stromeyer aliikata kano ya kisigino chake kupitia tundu dogo kwenye ngozi, na mguu ukanyooka. Mwaka uliofuata naye aliufanya upasuaji huo London, na mnamo 1838 akaasisi kituo cha kuwatibu walemavu wa viungo.

Humo aliletewa watoto ambao shida yao haikuwa polio. Misuli yao ilikakamaa, na miguu ikapishana kama mkasi kila walipojaribu kutembea. Little alidadisi jinsi kila mmoja alivyozaliwa. Wengi walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati, au baada ya uchungu wa muda mrefu, au walichelewa kuvuta pumzi.

Mnamo Oktoba 1861 aliwaeleza madaktari wa uzazi wa London kwamba ubongo wa watoto hao ulidhurika wakati wa kuzaliwa. Alikuwa amewaona karibu 200 katika miaka ipatayo 20. Alisisitiza kwamba baadhi yao walikuwa na akili timamu, na kwamba matibabu na mazoezi yaliweza kuwafaa. Hali hiyo ikaitwa ugonjwa wa Little.

Alifariki mwaka wa 1894. Miaka mitatu baadaye, Sigmund Freud alimpinga, akihoji kwamba huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya hitilafu iliyoanzia tumboni. Utafiti umempa kila mmoja haki yake. Visa vingi huanza kabla ya kuzaliwa, ila kuzaliwa kabla ya wakati kungali miongoni mwa hatari kuu, kwani mishipa ya damu katika ubongo wa mtoto huyo ni dhaifu mno.

Leo mama anayekaribia kujifungua kabla ya wiki 32 anaweza kupewa magnesiamu salfeti kwa sindano ili kuukinga ubongo wa mwanawe. Aliyekwisha kupata mtindio wa ubongo haponi, lakini mazoezi ya viungo yanayoanza mapema humsaidia kujimudu.

Pale ambapo mama angali analaumiwa kwa laana au uchawi, jibu la Little lina zaidi ya miaka 160: kilichojeruhiwa ni ubongo, na mtoto anastahili matibabu.