Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Serikali inapowaita vijana jeshini kwa lazima, huhesabu askari iliowapata. Ni nadra kuhesabu marafiki ambao kijana atawazika huko, au usingizi atakaoukosa miaka mingi baada ya amani kutangazwa. Maisha ya mwandishi Mjerumani Erich Maria Remarque yanatufunza hesabu hiyo, nasi walimu yanatuhusu zaidi ya tudhanivyo.

Remarque alizaliwa tarehe 22 Juni, 1898, mjini Osnabrück, akiwa mwana wa fundi wa kujalidi vitabu. Alikuwa akisomea ualimu sheria ilipomfikia mnamo Novemba 1916, akiwa na umri wa miaka 18. Hakujitolea, aliitwa, pamoja na baadhi ya wanachuo wenzake. Waliokuwa wakiketi darasa moja sasa wakawa wanalala kambi moja.

Juni 1917 alipelekwa Ubelgiji, akapangiwa kazi ya kuchimba mahandaki na kutandaza seng'enge. Rafiki yake Troske alipojeruhiwa, Remarque alimbeba na kumtoa kwenye makombora. Haikufaa kitu, Troske alifia hospitalini. Tarehe 31 Julai mwaka huo, Remarque mwenyewe alipigwa na vipande vya kombora mguuni, mkononi na shingoni. Alilazwa mjini Duisburg kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mama yake akafariki dunia Septemba 1917 angali amelazwa. Baadaye aliliacha jina lake la Paul akachukua Maria kwa kumbukumbu ya mama huyo.

Isisahauliwe kwamba mwaka huo huo, na kwa ajili ya vita hivyo hivyo, Waingereza walikuwa wakiwakamata vijana wa nchi yetu kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi. Jina la Kariakor, jijini Nairobi, ndilo kumbukumbu yao. Wengi hawakurudi, na waliorudi hawakuulizwa waliyoyaona.

Remarque naye hakuulizwa. Alimaliza masomo mwaka wa 1919, akafundisha katika shule za vijijini hadi 1920, kisha akaiacha kazi hiyo. Aliuza mawe ya makaburi, akapiga kinanda katika kanisa la hospitali ya wagonjwa wa akili, akaandika matangazo ya biashara na makala za magazeti. Majeraha ya mwili yalikuwa yamefunga zamani, lakini huzuni nzito ilimrudia mara kwa mara, asijue itokako. Kitambo kirefu kilipita kabla hajatambua kuwa chanzo chake ni vita, na kwamba marafiki aliotumikia nao walikuwa wakiugua vivyo hivyo, kila mmoja peke yake.

Mnamo 1927 aliandika, kwa muda wa majuma machache tu, riwaya ya Im Westen nichts Neues, iliyotoka kama kitabu Januari 1929 na kusomwa duniani kote. Humo, mwalimu anawahimiza wanafunzi wake wajiunge na jeshi, nao wanakufa mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja anambeba rafiki yake mgongoni, asijue kwamba amekwisha kufa. Msomaji anayemjua Troske haulizi kisa hicho kilitoka wapi.

Wanazi walikichoma kitabu hicho mwaka wa 1933, wakamvua mwandishi uraia mwaka wa 1938, na tarehe 16 Desemba, 1943, wakamkata kichwa dada yake, Elfriede. Remarque alifariki nchini Uswisi tarehe 25 Septemba, 1970.

Wapo watakaosema kwamba jeshi hujenga udugu. Ni kweli, na Remarque hakukana. Lakini udugu huo huzaliwa penye kifo, na amani inapokuja huwaacha vijana wakiwa wageni nyumbani kwao, bila mtu wa kuelewa lugha yao. Mataifa kama Eritrea, Israeli na Korea Kusini yangali yanawaita vijana kwa lazima. Taifa lenye haki ya kumwita kijana lina wajibu wa kumsikiliza arudipo, na kutowatawanya wenzake waliobaki.

Nasi walimu tukumbuke kwamba yule mwalimu wa riwayani hakuhitaji bunduki kuwahimiza wanafunzi wake. Alishika chaki.