Margerita wa Cortona

Margerita wa Cortona (Laviano, Italia ya Kati, 1247 - Cortona, 22 Februari 1297) alikuwa mwanamke wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, maarufu kwa toba yake.

Alifiwa na mama yake utotoni, na baba alipooa tena, hakupatana na mama wa kambo. Akiwa bado kijana alitoroka na mwanamume wa ukoo tajiri wa Montepulciano, akaishi naye miaka 9 bila ndoa na kumzalia mtoto wa kiume. Siku moja mwanamume huyo hakurudi. Inasimuliwa kwamba mbwa wake ndiye aliyemuongoza Margerita hadi ilipokuwa maiti yake, alikuwa ameuawa.

Alirudi kwa baba yake pamoja na mtoto, lakini hawakupokewa. Hapo akaenda Cortona kwa Ndugu Wadogo. Nao hawakuwa na haraka: alikuwa bado kijana, tena mzuri, wakataka kuona kama toba yake ingedumu. Walimjaribu miaka 3, hadi 1277. Alipotaka kujiharibu uso, muungamishi wake, Giunta Bevegnati, ambaye baadaye aliandika habari za maisha yake, alimkataza. Badala yake nguvu zake ziliishia kwa maskini na wagonjwa, ambao aliwaanzishia hospitali mjini. Mwanae pia alijiunga na Wafransisko.

Alitangazwa na Papa Benedikto XIII kuwa mtakatifu tarehe 16 Mei 1728. Sikukuu yake huadhimishwa kila tarehe 22 Februari.