John White: Kiungo aliyeitwa ‘Mzimu’, akauawa na radi

WAPENZI wa soka wa zamani wakitaja viungo hodari waliotoka Scotland, jina la John White halikosekani. Alicheza kandanda la kiwango cha juu kwa miaka michache tu, lakini alichokifanya katika muda huo bado kinasimuliwa.

White alizaliwa Aprili 28, 1937 katika mji wa Musselburgh, jirani na Edinburgh. Umbo lake lilikuwa dogo na jembamba, na jambo hilo lilimponza mapema. Klabu kubwa zilimtazama zikamwacha, zikiamini kwamba hataweza kupambana na mabeki wenye miraba minne.

Hakukata tamaa. Alianzia klabu ndogo ya Alloa Athletic, kisha mwaka 1958 akahamia Falkirk. Mei 1959 aliitwa timu ya taifa ya Scotland kuikabili Ujerumani Magharibi mjini Glasgow. Mchezo ulikuwa haujamaliza hata dakika moja alipocheka na nyavu. Scotland ilishinda 3-2.

Oktoba mwaka huo, Kocha Bill Nicholson wa Tottenham Hotspur ya London alimnunua kwa Pauni 22,000. Nicholson naye alikuwa na wasiwasi na pumzi ya kijana huyo. Wasiwasi ulimtoka alipoambiwa kwamba White, alipokuwa akitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, alisifika kwa mbio za nyika.

Akiwa na jezi namba 8, White aliungana na Danny Blanchflower wa Ireland Kaskazini na Mscotland mwenzake, Dave Mackay. Mackay alikuwa mtu wa mabavu, Blanchflower mtu wa akili, na White alikuwa mtu wa nafasi. Alijua kujificha. Mabeki walimpoteza, kisha wakashtukia yuko peke yake ndani ya eneo lao akisubiri pasi. Kwa sababu hiyo mashabiki wakambandika jina la ‘Mzimu’.

Msimu wa 1960/61 Spurs ilitwaa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la FA, baada ya kuifunga Leicester City 2-0 kwenye fainali. Hakuna klabu ya England iliyokuwa imechukua mataji hayo mawili katika msimu mmoja tangu Aston Villa mwaka 1897. White, yule aliyedhaniwa hana nguvu, alicheza mechi zote 42 za ligi.

Mwaka 1962 Spurs ilibeba tena Kombe la FA kwa kuichapa Burnley 3-1. Mei 15, 1963, mjini Rotterdam, Uholanzi, iliinyuka Atletico Madrid ya Hispania 5-1 na kutwaa Kombe la Washindi Ulaya. White alifunga bao moja siku hiyo. Spurs ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kunyakua kombe la Ulaya.

Baada ya hapo kikosi kikaanza kupukutika. Mackay alivunjika mguu Desemba 1963, na mwaka uliofuata Blanchflower alitundika daluga. Nicholson akapanga kujenga timu mpya, na nguzo yake iwe White.

Mpango huo haukutimia. Julai 21, 1964 White alikwenda peke yake kucheza gofu katika uwanja wa Crews Hill, kaskazini mwa London. Mvua ya radi ikaanza kunyesha, naye akakimbilia chini ya mti kujikinga. Radi ilipiga hapo ikamuua. Alikuwa na umri wa miaka 27, na aliacha mjane na watoto wawili wadogo.

Novemba mwaka huo Spurs ilicheza na kikosi cha Scotland katika mechi maalumu ya kumkumbuka na kuisaidia familia yake.

White aliichezea Scotland mechi 22. Katika ligi aliichezea Spurs mechi 183 na kufunga mabao 40. Tangu msimu ule wa 1960/61, klabu hiyo haijatwaa tena ubingwa wa ligi.

Maisha yake yanawapa moyo vijana wanaokataliwa kwa sababu ya umbo. Kifo chake nacho ni onyo kwa kila anayekutwa na mvua njiani: mti si mahali pa kujikinga na radi.