Edmond Morel, karani aliyehesabia Congo

Ninyi munaoishi na kazi ya mine munajua jambo moja: mukanda wa mizani unasema mambo mingi. Kamyo imetoka na tani ngapi, imerudi na nini. Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja aliyesoma mikanda ya namna ile, na kwa kuisoma tu akatambua mateso ya watu wa Congo. Yeye mwenyewe hakufika Congo hata siku moja.

Jina lake Edmond Dene Morel. Alizaliwa Paris tarehe 10 Julai 1873. Baba yake alikuwa Mufaransa, mama Mwingereza. Baba alikufa mutoto angali mudogo, mama akabaki na shida ya makuta. Njo maana kijana aliacha masomo mapema akatafuta kazi. Katika mwaka 1891 aliingia kuwa karani Liverpool, katika kompani ya meli iliyoitwa Elder Dempster.

Meli za kompani ile zilibeba mizigo kati ya Anvers na Boma. Wakati ule Congo haikuwa bado koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mutu mumoja, mfalme Léopold II, na Bulaya ilisemwa kwamba anatutendea mema. Juu Morel alijua Kifaransa, wakubwa wake walimutuma Anvers mara kwa mara kuangalia mizigo. Hata yeye, mwanzoni, alimusifu mfalme.

Lakini alikuwa mutu wa hesabu. Akalinganisha mikanda na yale aliyoyaona pale bandarini, akakuta mambo tatu. Kwanza, mupira na pembe za ndovu zilizoshuka Anvers zilipita zile zilizoandikwa katika hesabu ya serikali. Basi kuna mutu anakula faida kwa siri. Pili, meli zilizorudi Congo zilijaa bunduki na risasi mingi sana. Tatu, vitu vya kulipa watu, kama vile nguo na vyombo, vilikuwa kidogo mno. Sasa, mupira unatoka kila mwezi na malipo hayaingii: watu wanaufanyia kazi juu ya nini? Morel akaona jibu ni moja tu. Wanalazimishwa kwa bunduki.

Na ilikuwa vile kweli. Kila kijiji kilipewa kilo za mupira za kuleta. Wakishindwa, wanawake walifungwa mpaka waume walete, vijiji vilichomwa, watu waliuawa, wengine walikatwa mikono. Wakubwa wetu wa zamani walituachia habari hizo.

Morel akapeleka hesabu yake kwa mukubwa wa kompani. Mukubwa huyo alikuwa tena konsul wa serikali ya Léopold pale Liverpool. Morel aliahidiwa kazi nzuri mahali pengine, na makuta zaidi. Akakataa. Katika mwaka 1901 aliacha kazi, akiwa na bibi na watoto wa kulisha, akaanza kuandika. Mwaka 1903 akafungua gazeti lake. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilizungumza juu ya Congo, na konsul Roger Casement akapanda mutoni kuona kwa macho. Aliyoyaona yalipatana na hesabu ya karani.

Mwezi wa Marchi 1904 wale wawili wakaanzisha shirika la kutetea watu wa Congo. Casement hakuwa tajiri, lakini alitoa pound 100. Morel akawa katibu wa heshima, akaandika barua usiku na mchana.

Hapa tusisahau jambo moja. Hesabu ya Bulaya peke yake haingetosha. Wamisionere walileta ushuhuda na picha. Na kule Boma alikuwa mutu mweusi, Hezekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Lagos, mufanyabiashara. Alimutumia Morel habari kwa siri. Serikali ilipomutambua, ikamusumbua mpaka biashara yake ikakufa. Mwaka 1905 akajiua. Morel alipata sifa, Shanu alilipa kwa uzima wake.

Mwaka 1906 Morel alitoa kitabu juu ya mupira wa damu. Mwaka ule ule huku kwetu Katanga ilizaliwa Union Minière. Mwaka 1908 Léopold akalazimika kuachia Congo mikononi mwa Ubelgiji. Kazi ya nguvu haikuisha siku ile, wazee wa mine wanajua. Lakini mali ya mutu mumoja iliisha. Shirika lilifungwa mwaka 1913.

Maisha yake mengine yana nuru na giza. Alipinga vita ya 1914, na mwaka 1917 akatiwa gerezani. Mwaka 1922 aliingia Bunge kwa kura za watu wa Dundee, akimushinda Winston Churchill. Lakini mwaka 1920, Ufaransa ilipotuma askari weusi Ujeremani, Morel aliandika maneno ya aibu juu yao, akiwaita hatari kwa wanawake wa kule. Mutu aliyetetea weusi wa Congo akatukana weusi wengine. Safari ile hakupima kwa mizani, alifuata chuki ya wakati wake. Hatufichi jambo hilo. Alikufa tarehe 12 Novemba 1924.

Tunachukua nini kwake? Kazi yake ya kila siku ilikuwa ya biro, kujumlisha na kutoa, na ujuzi ule aliutoa kwa watu asiowajua. Mutoto wako akikuambia hesabu ni ngumu na haina faida, umusimulie habari ya karani huyu. Na weye unayechimba, usome mukanda mbele ya kutia saini. Angalia kinachotoka, angalia kinachorudi.