FADHILI WILLIAM NA SANTURI ZA DHAHABU

Mwaka huu nimeonelea niwaletee maisha ya marehemu Fadhili William. Sote tumeimba Malaika tangu shule ya msingi, lakini ukiuliza ni nani aliyeuimba kwanza kwenye santuri, darasa zima hukujibu kwamba ni Miriam Makeba. La hasha! Ni Mkenya mwenzetu.

Fadhili William Mdawida, Mtaita kwa kabila, alizaliwa mwaka wa 1938. Akiwa kijana alishika gitaa jijini Nairobi, na mnamo 1960 hivi akaurekodi Malaika pamoja na wenzake wa Jambo Boys. Baadaye aliurekodi tena katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod, ambako alifanya kazi na kina Daudi Kabaka. Wako wanaosema kwamba mtunzi halisi ni Adam Salim wa Tanzania, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Lakini kwamba Fadhili ndiye aliyeutia kwenye santuri wa kwanza, hilo halina ubishi mkubwa.

Basi wimbo ukaota mabawa. Mwaka wa 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika santuri yao kubwa, na mwaka wa 1966 santuri hiyo ikapata tuzo ya Grammy kule Marekani. Mwaka wa 1981 wakaja Boney M, kundi lililozoea kupewa santuri za dhahabu huko Ulaya. Mwaka wa 1991 akafuata Angelique Kidjo wa Benin.

Pengine mtaniuliza, santuri ya dhahabu ni kitu gani? Mwanzo wake ni mwaka wa 1942, kampuni ya RCA Victor ilipomtunza Glenn Miller kwa kuuza nakala zaidi ya milioni moja za wimbo mmoja. Tangu 1958 chama cha kampuni za santuri za Marekani ndicho kinachohesabu mauzo na kuidhinisha tuzo hizo. Msidhani ni dhahabu tupu! Ni sahani iliyopakwa rangi ya dhahabu tu, ikatiwa kwenye fremu ya kioo. Nyingine ukizipiga zinatoa wimbo mwingine kabisa. Hata hivyo, kuna watu wanaozikusanya na kuzinunua kwa pesa nyingi, hasa zile za kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya sabini, zenye kitambaa cheupe nyuma. Wanachotazama kwanza ni kibao kidogo kinachoonyesha tuzo ni ya nani. Jina ndilo linaloipa thamani, si rangi.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Fadhili. Wimbo wenyewe ni wa kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwolea. Na yeye mwenyewe alipigania malipo ya wimbo huo miaka na miaka. Aliishi Marekani muda mrefu, akarudi nyumbani katika miaka ya tisini, na akafariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001. Hakufa tajiri. Mtama aliupanda yeye, ndege wakala.

Sasa niwaambie kitu. Hapa Thika sisi tumezungukwa na viwanda, na wazee wetu waliofanya kazi ya nguo, ngozi na mananasi walizinunua santuri hizi kwa mishahara yao. Zile ndogo za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika. Katika nyumba moja ya Makongeni nimeona santuri zimekunjwa kwa moto zikawa bakuli za maua! Niligeuza moja nisome jina la mwimbaji, karatasi ya katikati ilikuwa imeungua yote. Nani atajua tena ni ya nani?

Pendekezo langu ni kwamba chama chetu kianze kuzikusanya. Likizo hii kila mmoja amuulize babu au nyanya yake, aandike jina la mwimbaji, la wimbo na la kampuni kama yalivyo kwenye karatasi ya katikati. Mwalimu wetu mlezi atupe kabati moja tu, litatosha kuanzia. Hizo ndizo santuri zetu za dhahabu, jamani, na mtu haziwezi kumrudishia haki yake kama jina lake limekwisha kuungua.

Mola ailaze roho ya Fadhili mahali pema. Amina.