Carlson, jamaa aliyetuondolea kazi ya kunakili kwa mkono

Ukiingia saiba kutoa kopi ya kitambulisho, mhudumu analaza kadi kwenye kioo, anabonyeza kitufe, basi. Kitufe hicho kilikuja miaka 21 baada ya kopi ya kwanza ya aina hiyo.

Chester Carlson alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1906. Alisota mapema: baba mgonjwa, mama akafariki yeye akiwa na miaka 17. Alihitimu fizikia 1930, uchumi ukiwa umeanguka, akaandikia kampuni 82 akitafuta kazi.

Baadaye akaajiriwa New York kushughulikia hataza, yaani haki za uvumbuzi. Huko nakala hazikutosha kamwe. Ama uchape upya kwa taipureta, ama utume karatasi zikapigwe picha kwa gharama kubwa. Carlson hakuona vizuri na viungo vilimuuma, kwa hivyo kunakili kwa mkono kulimtesa. Akaanza majaribio jikoni kwake, salfa ikinuka kweli kweli.

Tarehe 22 Oktoba 1938, mtaani Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walisugua bamba la zinki lililopakwa salfa kwa kitambaa ili lishike umeme, wakalimulika kwa taa, wakanyunyiza unga, kisha wakaubandika kwenye karatasi ya nta. Maandishi yakatokea! Lakini kampuni zaidi ya 20, IBM ikiwemo, zilimkatalia. Tusizicheke sana, alichokuwa nacho ni bamba na unga tu.

Haloid, kampuni ndogo ya Rochester, ndiyo iliyothubutu. Mashine yake ya 1949 ilikuwa balaa: hatua 39, nyingi za mkono, kubeba bamba huku, kutikisa unga kule. Karani gani ana muda huo? Ofisi ziliikwepa.

Wahandisi wakarudi kazini. Mwaka 1959 ikatoka Xerox 914, zigo la karibu kilo 300 ambalo mara nyingine lilishika moto. Lakini kwa mtumiaji ilikuwa rahisi: zungusha kidude uchague idadi ya kopi, bonyeza kitufe. Zile hatua zote sasa zilifanyika ndani, bila wewe kuziona. Kwenye tangazo la TV, msichana mdogo alimtolea babake kopi.

Ofisi ziliing'ang'ania. Carlson akatajirika, akagawa zaidi ya dola milioni 100, nyingi bila kutaka atajwe. Alifariki 1968, akiwa ameketi sinema New York.