Montgomery Ward: Aliyewauzia wakulima bidhaa wasizoziona

Mkulima anayeishi mbali na mji hupata bidhaa mpya kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwenda dukani, kuishika bidhaa, kuijaribu na kuuliza bei. Njia ya pili ni kuiona kwenye picha tu, kutuma fedha na kusubiri mzigo. Leo picha hiyo iko kwenye simu na fedha hutumwa kwa simu hiyo hiyo, lakini hofu ya mnunuzi ni ile ile ya zamani: hofu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, kijana mmoja wa Marekani aliamua kufanya biashara kwa njia hiyo ya pili peke yake. Hakuwa na duka la kuonyesha bidhaa wala mawakala wa kuzitembeza. Alikuwa na karatasi moja yenye orodha ya bei na sanduku la posta. Jina lake ni Aaron Montgomery Ward.

Kutoka kibarua hadi meneja wa duka

Ward alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1840 katika mji wa Chatham, jimbo la New Jersey. Akiwa bado mtoto, wazazi wake walihamia Niles, jimbo la Michigan. Familia haikuwa na uwezo, hivyo alipofika umri wa miaka 14 aliacha shule na kutafuta kibarua. Alianzia kwenye kiwanda cha mbao za kutengenezea mapipa, ambako alilipwa senti 25 kwa siku. Kutoka hapo alikwenda kupanga matofali kwenye tanuri kwa ujira wa senti 30.

Baadaye alihamia mji wa St. Joseph, katika jimbo hilo hilo, na kupata kazi ya kuuza duka. Katika duka la bidhaa mchanganyiko la mji huo alianza kwa mshahara wa dola 6 kwa mwezi, pamoja na chakula na malazi. Alikuwa mchapakazi na mwenye lugha nzuri kwa wateja. Katika muda wa miaka michache alipanda hadi kuwa meneja, na mshahara wake ukafika dola 100 kwa mwezi.

Mwaka 1865 alikwenda Chicago, mji uliokuwa ukikua kwa kasi kutokana na reli, nafaka na nyama. Huko alifanya kazi kwa muda katika kampuni ya Marshall Field na wenzake, iliyokuwa na moja ya maduka makubwa ya mji huo. Kisha akawa mwuzaji wa kusafiri wa kampuni ya jumla ya vitambaa na nguo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini, mara nyingi kwa gari la farasi, akichukua oda za wenye maduka.

Malalamiko aliyoyasikia vijijini

Safari hizo ndizo zilizompa wazo la biashara. Katika kila duka alilofika aliwakuta wakulima, na malalamiko yao yalifanana. Bei za mazao yao zilikuwa zimeshuka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, lakini bei za bidhaa za dukani zilikuwa juu. Kitambaa kilichotoka kiwandani kilipitia kwa mfanyabiashara wa jumla, kikapitia kwa wakala, na ndipo kikafika kwa mwenye duka. Kila mmoja aliongeza faida yake, na mzigo wote ulimwangukia mkulima.

Zaidi ya hayo, mkulima wengi walichukua vitu kwa mkopo na kulipa baada ya mavuno. Bidhaa nyingi hazikuwa na bei iliyoandikwa. Asiyejua kupatana alilipa zaidi, na mwenye deni hakuwa na nguvu ya kwenda kununua kwingine.

Ward alikuwa amewahi kukaa upande wa pili wa meza, hivyo alijua kwamba mwenye duka naye alikuwa na shida zake. Wateja wake walikuwa wachache, usafiri ulikuwa wa gharama, na mavuno yakiharibika madeni hayalipiki. Kwa hiyo kosa halikuwa la mtu mmoja tu. Mlolongo wote ulikuwa mrefu mno, na Ward aliona kwamba reli na posta zinaweza kuufupisha. Angenunua kwa wingi na kwa fedha taslimu kutoka viwandani na kwa wauzaji wakubwa wa Chicago, kisha angemtumia mkulima mzigo moja kwa moja.

Moto, mtaji na karatasi moja

Alianza kukusanya bidhaa kidogo kidogo kwa akiba yake. Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago na kuwaacha watu wapatao 100,000 bila makazi. Bidhaa zake za kwanza ziliteketea katika moto huo.

Ward alianza upya. Februari 1872 alimwoa Elizabeth Cobb, na Agosti mwaka huo alifungua biashara yake pamoja na washirika wawili, kwa mtaji usiozidi dola 2,400. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kidogo. Orodha yake ya kwanza ilikuwa karatasi moja yenye bidhaa 163, kila moja na bei yake, pamoja na maelezo ya namna ya kuagiza.

Ndani ya karatasi hiyo kulikuwa na sharti moja lililowafanya wakulima wathubutu. Mzigo ungetumwa kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi hadi kituo cha karibu, na mkulima angelipia pale pale baada ya kuukagua. Yaani duka halikuwepo kijijini, lakini ile haki ya mnunuzi wa dukani, ya kuona kwanza na kulipa baadaye, ilibaki mikononi mwake.

Wateja wake wakubwa wa mwanzo walikuwa wanachama wa Grange, umoja wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1867. Wanachama hao waliweza kuunganisha oda zao na kupunguza gharama ya usafiri kwa kila mmoja. Ward alijitambulisha kwao kama muuzaji wa umoja wao na kuwapa masharti nafuu. Kwa njia hiyo mteja mmoja aliyeridhika aliwavuta majirani zake.

Gazeti lamwita tapeli

Mwaka 1873 ulikuwa mgumu. Mtikisiko wa kifedha uliikumba Marekani, mabenki yakaanguka na washirika wake wawili wakajitoa. Ward alibaki na biashara changa mikononi. Aliyemwokoa ni George Thorne, aliyekuwa amemwoa dada wa mke wa Ward. Thorne aliingiza fedha zake na kuwa mshirika.

Novemba mwaka huo huo gazeti la Chicago Tribune liliwaonya wakulima wajihadhari na kampuni hiyo. Hoja zake zilikuwa rahisi kueleweka. Bei zilikuwa za chini mno kuaminika. Kampuni haikuwa na duka la kuonyesha bidhaa, haikuwa na mawakala, na haikupatikana ila kwa barua kupitia sanduku la posta. Kwa macho ya watu wa wakati ule, muuzaji asiyeonekana alikuwa tapeli.

Kwa biashara iliyotegemea barua na imani, pigo hilo lingeweza kuwa la mwisho. Ward alilitaka gazeti lichunguze ukweli. Kabla ya mwaka kwisha, gazeti lilikiri kwamba lilikosea na kueleza kwamba kampuni hiyo ilikuwa halali na kwamba mteja halipi kabla ya kuona mzigo. Ward alichapisha upya maelezo hayo na kuwatumia wateja wake. Habari iliyokusudiwa kumwangusha ikageuka kuwa tangazo.

Kurudisha mali

Mwaka 1875 alichukua hatua ambayo wengi waliiona kama ya kujifilisi. Alitangaza kwamba mteja asiporidhika na bidhaa atairudisha na kurudishiwa fedha zake. Hadi leo yako maduka mengi yenye kibao ukutani kinachosema mali ikiuzwa hairudishwi. Ward aligeuza kibao hicho. Alijua kwamba mtu aliye umbali wa mamia ya kilomita hawezi kurudi dukani kulalamika, kwa hiyo hatari ya kununua lazima ibebwe na muuzaji.

Ahadi hiyo ilimlazimu kuwa makini katika kila alichoandika. Kama maelezo yangedanganya, mzigo ungerudi na gharama ingekuwa yake. Hivyo katalogi zake zilieleza kipimo, uzito na aina ya kila kitu, na michoro ikaongezwa ili msomaji aone umbo la kitu chenyewe. Uzito ulimsaidia mkulima kukadiria nauli ya reli kabla ya kuagiza.

Ile karatasi moja ikawa kitabu. Kufikia mwaka 1883 katalogi ilikuwa na kurasa 240 na bidhaa zipatazo 10,000. Cherehani, saa, majiko ya chuma, matandiko ya farasi na baadaye baiskeli zilifika kwenye meza ya mkulima kwa njia ya picha kabla hajawahi kuona hata moja kwa macho. Vijijini mambo mapya yalianza kujulikana kwa kitabu hicho. Wateja waliandika barua za kila aina, na wako walioomba hata kutafutiwa wake.

Hasira za wenye maduka

Upande wa wenye maduka ya vijijini mambo yalikuwa tofauti. Walisema mkulima anawakimbilia wao anapotaka mkopo, lakini akipata fedha taslimu anazituma Chicago. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli. Katika baadhi ya miji wafanyabiashara waliwahimiza watu kuleta katalogi zichomwe moto hadharani, na wengine walitoa zawadi kwa aliyeleta.

Moto huo haukusaidia kitu. Maduka yaliyosalimika ni yale yaliyotoa kile ambacho katalogi haikuweza: kitu cha kuchukua leo leo, ufundi wa kukitengeneza kikiharibika, na mkopo kwa mtu anayefahamika.

Ushindani mkubwa zaidi ulitoka kwa mtu aliyefuata nyayo zake. Richard Sears, aliyeanza kwa kuuza saa mwaka 1886, alijenga kampuni ya Sears, Roebuck, ambayo baadaye ilimpita Ward kwa mauzo. Wakati huo posta nayo ilizidi kusogea kwa mkulima. Mwaka 1896 serikali ilianza majaribio ya kupeleka barua hadi majumbani vijijini, na Januari 1, 1913 posta ilianza kupokea vifurushi vikubwa zaidi kuliko vile vya awali vya chini ya kilo 2.

Wanunuzi wataka kuona

Hata hivyo, hamu ya kuona kwa macho haikufa. Mwaka 1899 kampuni ilimaliza kujenga jengo refu lenye mnara katika barabara ya Michigan, Chicago, na wageni kutoka mikoani walifika kulitazama. Mkulima aliyekuwa akituma fedha kwa miaka mingi sasa aliweza kusimama mbele ya kampuni na kuona kwamba kweli ipo.

Katika miaka yake ya baadaye Ward aliiachia familia ya Thorne sehemu kubwa ya uendeshaji. Nguvu zake alizielekeza kwenye kesi za kuzuia majengo katika uwanja wa ufukwe wa ziwa mbele ya ofisi zake, ili ubaki wazi kwa wananchi. Kesi hizo zilianza mwaka 1890 na kumalizika mwaka 1911, na zilimpotezea marafiki wengi miongoni mwa matajiri. Uwanja huo ndio bustani ya Grant Park. Alifariki Desemba 7, 1913.

Mwaka 1926, kampuni iliyojengwa bila duka ilifungua duka lake la kwanza la rejareja katika mji wa Plymouth, jimbo la Indiana. Wakulima walikuwa wameanza kumiliki magari na waliweza kwenda mjini kuona wenyewe. Kufikia mwisho wa muongo huo maduka yake yalizidi 500. Katalogi kuu ilisimamishwa mwaka 1985, na maduka yakafungwa mwaka 2001. Mwaka 2004 jina lake lilirudi sokoni chini ya wamiliki wapya, safari hii kwa kuuza kwa katalogi na intaneti.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayetaka kuuza kwa picha ya simu, maisha ya Ward yanaonyesha kwamba bei nafuu peke yake haitoshi. Wakulima wale walimwamini kwa sababu waliruhusiwa kukagua kabla ya kulipa, walisoma kipimo na uzito vya kweli, na walirudishiwa fedha mzigo ulipowakatisha tamaa. Mkulima anayenunua leo kwa mtu asiyemwona ana haki ya kuuliza mambo hayo hayo matatu kabla ya kutuma hata shilingi moja.